Alama za Barabara ya Maji

Kila siku, tangu alfajiri, malori hutoka Lubumbashi yakielekea mpaka wa Kasumbalesa. Yamebeba shaba: mabamba mazito, yamefungwa pamoja kwa mikanda ya chuma. Wengi wetu tuna ndugu au jirani aendeshaye mojawapo la malori hayo, au afanyaye kazi katika mgodi ilikotoka shaba yenyewe. Tukiulizwa inakwenda wapi, twajibu pasipo kusita: inakwenda Dar es Salaam, au Beira, au Durban, na ile ipandishwayo gari la moshi upande wa magharibi inakwenda Lobito. Majibu hayo ni ya kweli, lakini yote ni majina ya bandari tu. Bandari ni mlango. Nje ya mlango huo iko safari nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, na barabara yake sisi watu wa bara hatuijui.

Bahari iko mbali nasi. Ukitoka hapa kwenda upande wowote, hutaiona kabla ya kupita zaidi ya kilomita elfu moja. Ndiyo maana watoto wetu, ambao wajua vema maana ya taa nyekundu na ya kijani katika njia panda za mjini, hawajapata kusikia kwamba majini pia ziko taa nyekundu na za kijani, na kwamba mtu asiyezielewa aweza kuzamisha meli pamoja na wote waliomo. Leo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari za alama hizo, jinsi zinavyotambuliwa mchana na usiku, na kwa nini jambo hili latuhusu hata sisi wa Katanga, ambao tuna mito na maziwa ijapokuwa hatuna bahari.

HATARI ILIYOFICHWA

Mtu wa bara akitazama bahari kwa mara ya kwanza hudhani kwamba meli yaweza kupita popote. Maji ni mapana, hayana mti wala kilima. Mzee wa pwani atamkumbusha methali: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Katikati ya bahari kuu, ni kweli, meli haina la kuogopa chini yake. Hatari iko karibu na nchi kavu, mahali ambapo safari yaelekea kwisha na watu wameanza kufunga mizigo yao. Hapo chini ya maji iko miamba, yako mafungu ya mchanga, yako mabaki ya meli zilizozama zamani. Meli kubwa ya mizigo huzama ndani ya maji mita kumi au zaidi. Mwamba uliofunikwa na maji ya mita tano waweza usionekane kabisa kwa macho, lakini watosha kuipasua.

Watu wa pwani ya Waswahili walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya meli za chuma. Nahodha wa jahazi alikuwa na alama zake: mbuyu mrefu, mnara wa msikiti, kilele cha kilima, jiwe jeupe ufukoni. Tena iko njia moja rahisi na ya hakika, ambayo mabaharia huitumia mpaka leo. Huchaguliwa alama mbili, moja karibu na maji, na ya pili nyuma yake, mahali palipoinuka zaidi. Zikionekana zimesimama katika mstari mmoja, nahodha ajua kwamba yupo katikati ya njia. Ile ya mbele ikionekana imehamia kushoto kwa ile ya nyuma, amekwenda mno kulia, na yampasa arudi kushoto. Wazazi wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili uani kwa kusimika miti miwili, mfupi mbele na mrefu nyuma, kisha kuwaambia watembee kuielekea. Mtoto wa miaka saba ataelewa kwa dakika moja.

Lakini alama za nchi kavu hazitoshi. Mwamba ulio kilomita tano toka pwani hauna mbuyu juu yake. Mahali kama hapo pahitaji alama yake yenyewe, nayo ni boya.

BOYA NI NINI?

Boya ni chombo kitupu, cha chuma au cha plastiki ngumu, kielecho juu ya maji. Chini yake umefungwa mnyororo, na mwisho wa mnyororo umefungwa uzito mkubwa wa chuma au wa saruji, ulalao chini kabisa baharini. Mnyororo huo haukazwi. Lazima uwe mrefu kuliko kina cha maji, ili boya lipate kupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, lisije likafunikwa na mawimbi. Kwa sababu hiyo boya halisimami hasa mahali pamoja, bali huzunguka kidogo kama mbuzi aliyefungwa kambani. Dhoruba kali yaweza kuukokota uzito wake, au kuukata mnyororo. Nahodha mwenye busara haweki maisha ya watu wake juu ya boya moja tu. Hulilinganisha na ramani, na dira, na kina cha maji, na alama za nchi kavu.

Mchana, boya hutambuliwa kwa mambo matatu: rangi yake, umbo lake, na alama iliyowekwa juu ya kichwa chake. Usiku mambo hayo hayaonekani, na boya husema kwa taa. Taa nayo ina mambo mawili ya kuangaliwa: rangi yake, na namna inavyowaka na kuzimika. Maana usiku, karibu na mji, ziko taa maelfu: za nyumba, za motokaa, za wavuvi. Taa isiyozimika yaweza kuchanganywa na hizo zote. Lakini taa iwakayo mara tatu, ikazimika, kisha ikawaka tena mara tatu, hiyo ina jina lake katika ramani. Baharia hushika saa yake mkononi, akaihesabu, akaitambua.

KUSHOTO NA KULIA

Tuanze na maboya yaonyeshayo kingo za njia. Tuseme meli yatoka baharini kuingia Dar es Salaam. Mlango wa bandari hiyo ni mwembamba, tena una kona. Mwezi wa Agosti 1914, vita vilipoanza, Wajerumani walizamisha ndani yake gudi lenye kuelea, yaani mahali pa kutengenezea meli, ili kuuziba. Kwa wembamba huo, meli kubwa huchukua rubani wa bandari, mtu azijuaye njia zake, na rubani huyo huongozwa na maboya.

Meli iingiayo huyaona maboya mekundu upande wake wa kushoto, na ya kijani upande wa kulia. Boya jekundu lina umbo la kopo, yaani kichwa chake ni bapa. La kijani lina ncha, kama paa la nyumba ya msonge. Usiku, jekundu huwaka taa nyekundu, na la kijani taa ya kijani. Yakiandikwa namba, huhesabiwa toka baharini kuja bandarini: 2, 4, 6 juu ya maboya mekundu, na 1, 3, 5 juu ya yale ya kijani. Kwa hiyo hata mtu asiyeweza kupambanua nyekundu na kijani, na watu wa namna hiyo wapo, mchana ataweza kulitambua boya kwa umbo lake na kwa namba yake. Jambo moja limesemwa mara tatu, ili asiyeshika la kwanza ashike la pili.

Na meli itokayo je? Hapa wanafunzi wengi hukosea. Maboya hayageuki kwa sababu meli imegeuka. Meli iliyopakia shaba yetu, ikitoka Dar es Salaam, huyaona mekundu upande wa kulia. Kwa hiyo, kabla ya kuamua, yampasa baharia ajiulize: je, naingia au natoka? Na mahali ambapo jambo hilo si wazi, kama katikati ya visiwa, ramani huonyesha kwa mshale upande uhesabiwao kuwa ni wa kuingia.

PEMBE NNE ZA DUNIA

Yako maboya mengine ambayo hayasemi kushoto wala kulia, bali hutaja kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Haya huwekwa kandokando ya mwamba au fungu kubwa. Boya la kaskazini limewekwa kaskazini ya hatari. Maana yake, pita kaskazini yangu, hapo maji ni salama. La mashariki lasema, pita mashariki yangu. Na mengine vivyo hivyo.

Rangi zake ni nyeusi na njano, na kichwani yana alama mbili nyeusi zenye ncha, mfano wa mapaa mawili madogo ya msonge, moja juu ya jingine. Katika boya la kaskazini ncha zote mbili zaelekea juu. Katika la kusini zote mbili zaelekea chini. Katika la mashariki ncha ya juu yaelekea juu na ya chini yaelekea chini, na umbo lote ni nene katikati, kama yai. Katika la magharibi ncha zakutana katikati, na umbo ni kama la ngoma iliyobanwa kiunoni. Tena rangi nyeusi hufuata ncha. Ncha zikielekea juu, sehemu ya juu ya boya ni nyeusi na ya chini ni njano. Zikielekea chini, nyeusi iko chini. Zikiachana, nyeusi iko juu na chini, na njano katikati. Zikikutana, nyeusi iko katikati. Mwenye kushika kanuni hiyo moja hahitaji kukariri mengine.

Usiku maboya hayo huwaka taa nyeupe, upesi upesi, na hesabu yake imechukuliwa katika uso wa saa ya ukutani. Wasomaji waangalie namba zilizoandikwa penye saa, wala si saa tunazozitaja kwa Kiswahili. Namba 3 iko upande wa mashariki: boya la mashariki huwaka mara tatu, kisha hupumzika. Namba 6 iko chini, upande wa kusini: boya la kusini huwaka mara sita, na kumalizia kwa mwako mmoja mrefu. Namba 9 iko magharibi: boya la magharibi huwaka mara tisa. Namba 12 iko juu, na boya la kaskazini huwaka mfululizo bila kupumzika. Ule mwako mrefu wa boya la kusini una sababu yake. Meli huyumba, mvua hupiga usoni, na baharia aliyechoka aweza kupotewa na hesabu, asijue kama ni sita au ni tisa. Akiona mwako mrefu, shaka yaondoka.

Haya, fumbo kwa watoto. Ni usiku wa manane. Nahodha aona mbele yake taa nyeupe iwakayo mara tisa upesi upesi, kisha yazimika kidogo, kisha mara tisa tena. Apite upande gani? Tisa ni magharibi. Basi aliache boya upande wa mashariki wake, yeye apite magharibi ya boya. Aliyejibu hivyo amekwisha kuanza kazi ya ubaharia.

Mengine tutayataja kwa ufupi. Boya jeusi lenye ukanda mwekundu, na mipira miwili meusi kichwani, limesimama juu ya hatari yenyewe, nayo ni ndogo na imezungukwa na maji salama. Usiku huwaka taa nyeupe mara mbili mbili. Boya lenye milia ya wima, nyekundu na nyeupe, na mpira mmoja mwekundu kichwani, ni habari njema: pande zote hapa maji ni salama. Mara nyingi hilo ndilo boya la kwanza kuonekana na meli itokayo bahari kuu. Boya la njano lenye alama ya X si la hatari ya mwamba. Laonyesha jambo maalumu, kama waya au bomba lililolazwa chini ya maji.

LUGHA NYINGI, VIFO VINGI

Mtu aweza kufikiri kwamba mambo haya yalipangwa hivi tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1889 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, wakapatana kwamba alama za kushoto ziwe nyeusi na za kulia ziwe nyekundu. Mwaka 1936 ulitungwa mkataba mwingine huko Geneva, nao uliiweka nyekundu upande wa kushoto. Vita vya 1939 vikaja kabla mkataba huo haujapata nguvu. Baada ya vita kila nchi iliyarudisha maboya yake kwa namna yake. Mwishowe ilihesabiwa mifumo zaidi ya thelathini duniani. Taa nyekundu ilimaanisha kushoto katika nchi moja, na kulia katika nchi nyingine. Meli moja iliweza kupita mbele ya lugha tatu katika safari ya siku mbili.

Mwaka 1971 ulikuwa mwaka wa msiba. Katika mlango wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya mafuta iitwayo Texaco Caribbean iligongana na nyingine usiku wa tarehe 11 Januari, ikazama. Siku iliyofuata meli ya Ujerumani, Brandenburg, ikayagonga mabaki yake, nayo ikazama. Alama zikawekwa. Hata hivyo, tarehe 27 Februari, meli ya Ugiriki, Niki, ikapita mahali pale pale, ikagonga, ikazama pamoja na wote waliokuwamo. Jumla ya waliokufa katika ajali hizo ilikuwa watu 51. Wale wa Niki walikufa mahali palipokuwa pamekwisha kutiwa alama.

Baada ya msiba huo mataifa yaliharakisha shauri. Chama cha wakuu wa minara na maboya, kilichoanzishwa mwaka 1957 na kijulikanacho kwa herufi IALA, kilikamilisha kanuni mpya mwaka 1976, na mwezi wa Novemba 1980, katika mkutano wa Tokyo, mataifa yakakubali mfumo mmoja. Chama hicho kimekuwa shirika la serikali za mataifa tangu Agosti 2024. Tofauti moja tu ilibaki, kwa kuwa gharama ya kuyageuza maboya yote ilikuwa kubwa mno. Nchi za Amerika, pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, huweka maboya mekundu kulia mwa meli iingiayo. Afrika, Ulaya, Australia na sehemu kubwa ya Asia huyaweka kushoto. Kwa hiyo meli ichukuayo shaba ya Katanga mpaka China huzikuta huko alama zile zile ilizoziacha Dar es Salaam; ikienda Korea huzikuta zimegeuzwa. Alama za pembe nne za dunia ni moja kila mahali.

Hata hivyo mafundisho hayakwisha. Mwezi wa Desemba 2002 meli iitwayo Tricolor, iliyojaa motokaa, ilizama katika bahari hiyo hiyo iliyo kati ya Uingereza na bara la Ulaya, na katika muda wa wiki tatu meli nyingine mbili zikayagonga mabaki yake. Kutokana na hilo likabuniwa boya jipya lenye milia ya wima, buluu na njano, na taa iwakayo buluu na njano kwa zamu. Hilo huwekwa upesi penye meli iliyozama karibuni, ambayo bado haijaandikwa katika ramani.

MTO WETU NA MAZIWA YETU

Sasa turudi nyumbani. Nchi yetu ina mlango mmoja mdogo wa bahari, nao ni kinywa cha mto Kongo. Meli za baharini huingia Banana, hupita Boma, na kufika Matadi, mwendo wa kilomita 150 hivi. Mto huo humimina baharini maji kama mita za ujazo 40,000 kila sekunde, na pamoja na maji huja mchanga. Chini ya Boma liko eneo ambalo wanamaji wameliita kwa Kifaransa région divagante, maana yake eneo litangatangalo. Mafungu yake huhama. Njia iliyokuwa nzuri mwaka jana yaweza kuwa imezibwa mwaka huu. Hapo haitoshi kuweka boya na kuliacha. Lazima watu wapime kina tena na tena, wazoe mchanga, na wayahamishe maboya kuifuata njia. Na karibu na Matadi yako maji yazungukayo kwa nguvu, yaliyopewa jina Chaudron d'Enfer, Chungu cha Jehanamu. Hakuna nahodha mgeni mwenye akili apitaye huko bila rubani.

Juu zaidi, mtoni, habari ni hiyo hiyo. Joseph Conrad, aliyekuwa baharia kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri, aliupanda mto Kongo mwaka 1890 ndani ya meli iitwayo Roi des Belges. Njiani aliandika katika daftari alama za njia: visiwa, mafungu, miti, na mahali pa kugeuza usukani. Daftari hilo limehifadhiwa. Ni la mtu aliyejua kwamba safari ya kwanza ni ya kujifunza, na kwamba asipoandika atapotea katika safari ya pili.

Hata mji wetu una kisa chake. Mwaka 1915 mashua mbili za vita za Waingereza, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, zilipita hapa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, zikiwa juu ya gari la moshi. Zilikuwa zikipelekwa ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wajerumani. Toka Fungurume zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba, zikafika mto Lualaba penye Bukama. Watu wangedhani kwamba taabu imekwisha, kwa kuwa mashua zimefika majini. Lakini kiangazi kilikuwa kimeyapunguza maji, nazo zikafungiwa mapipa matupu ili zielee juu zaidi. Hata hivyo zilipanda mafungu ya mchanga mara nyingi. Mashua zilizovuka milima zilikwamishwa na mchanga usioonekana.

Tumesimulia kisa hicho kwa kuwa Lualaba ni mto ule ule, na kiangazi ni kile kile. Watu wetu husafiri humo. Husafiri katika ziwa Tanganyika, Kalemie na Moba. Husafiri katika ziwa Mweru, Pweto na Kilwa. Ndani ya mashua hizo wamo mama na watoto, magunia ya mahindi, samaki wakavu, na mara nyingi watu ni wengi kupita kiasi. Katika sehemu nyingi za mito na maziwa yetu, alama ni chache au hazipo. Mwezi wa Julai 2010, katika mto Kasai, mashua iliyojaa abiria iligonga fungu la mchanga, ikapinduka, na zaidi ya watu 80 wakafa. Waliokufa hawakuwa mabaharia. Walikuwa wasafiri wa kawaida, na kila mmoja alikuwa na watu waliomngojea nyumbani.

Wako wasemao kwamba siku hizi maboya hayahitajiwi tena, kwa kuwa meli huongozwa na mitambo ipokeayo habari toka angani, hata yako maboya yasiyokuwapo majini kabisa, bali huonekana katika kioo cha mtambo tu. Ni kweli kwamba mitambo hiyo ni msaada mkubwa. Lakini huharibika, na mawimbi yake yaweza kuzuiwa au kupotoshwa. Tena yuko wapi mvuvi wa Mweru mwenye mtambo huo? Yeye ana macho yake tu, na alama aionayo kwa macho ndiyo imfaayo.

LA KUFANYA

Kuweka maboya makubwa ni kazi ya serikali na mashirika yake, nayo yahitaji fedha, meli na mafundi. Lakini yako mambo ambayo hayangojei serikali.

La kwanza, boya lisiguswe. Wako watu wafungao mitumbwi au nyavu zao juu ya boya, nalo huvutwa likahama. Wako waibao betri, taa, na bamba la nguvu za jua lililowekwa kuiwasha taa. Mwizi wa nyumba huijua nyumba aliyoiibia. Mwizi wa taa ya boya hamjui mtu aliyemwua. Huenda ni dada yake arudiye kutoka sokoni. Boya lililohama bila habari ni baya kuliko kutokuwapo boya, kwa kuwa lampeleka msafiri mwambani naye analiamini.

La pili, wenyeji wa mitoni waweza kujisaidia. Wavuvi wa kijiji wayajua mafungu yao kama mkulima ajuavyo shamba lake. Kusimika mti mrefu penye ukingo wa fungu, na kufunga juu yake kitambaa cheupe, ni kazi ya asubuhi moja. Ila wapatane na vijiji jirani maana yake: je, mti wasema pita kulia au pita kushoto? Tumeona jinsi mataifa makubwa yalivyopata hasara kwa kutopatana. Na maji yakihama, mti uhamishwe siku hiyo hiyo.

La tatu, ninyi wasafiri, ulizeni. Ulizeni kama mwenye chombo aijua njia, kama ana taa, kama idadi ya watu si kubwa mno. Nahodha akisema kwamba ataondoka usiku katika maji yasiyo na alama, hakuna aibu kushuka na kungoja asubuhi. Pengine atawacheka, na nauli itapotea. Afadhali nauli ipotee.

Na ninyi vijana wa Lubumbashi mtakaopata kazi bandarini au melini, huko Matadi, Kalemie au Dar es Salaam, jifunzeni alama hizi kabla hamjaondoka. Usiku mmoja mtasimama penye omo ya chombo, na watu watakuwa wamelala nyuma yenu. Mtaona taa nyeupe mbali. Ihesabuni mpaka mwisho, na mkiwa na shaka, ihesabuni tena.